Daftari Nalo Lihakikiwe: Waswahili Watatu katika Nyaraka za Kijerumani, na Somo Lake Kwetu Majanji

Tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Tunawauliza: nani anasimulia? Anamsimulia nani? Ni jambo gani ambalo msimulizi amelinyamazia, na kwa nini? Lakini likija daftari la ubatizo, cheti cha ndoa au hati ya kifo, maswali hayo tunayaweka kando. Tunashika kalamu na kunakili tarehe na majina, kana kwamba maandishi ya karani hayana msimulizi wala msikilizaji.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba daftari nalo ni matini, na kwamba mwalimu wa Kiswahili ana kila haki na wajibu wa kulihakiki. Nimechagua nyaraka za nasaba za Kijerumani kwa sababu mbili. Kwanza, nchi hiyo ina desturi ndefu sana ya kuandika vizazi, ndoa na vifo, na anayetafuta ukoo wake huko ana njia iliyokwisha kupitwa na wengi. Pili, ndani ya nyaraka hizo wamo watu wa Pwani yetu, na wawili katika hao niliowachagua walikuwa walimu wa Kiswahili kama sisi. Nitamalizia hapa Majanji, kando ya Ziwa Viktoria, mahali ambapo Mjerumani hakutawala kamwe, lakini ambapo swali la daftari linatugusa kila siku.

Jinsi madaftari yalivyopatikana

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaamuru mapadri wa Kikatoliki kuwa na vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Mwaka 1614 vitabu vya vifo vikaongezwa. Baadhi ya sharika za Kilutheri zilikuwa zimekwisha kuanza kuandika kabla ya hapo. Basi kwa karne nyingi mtu wa Ujerumani alijulikana na serikali kwa kupitia kwa mchungaji au padri wake. Kitabu hicho waliita *Kirchenbuch*, yaani kitabu cha kanisa. Vingi viliteketea katika Vita vya Miaka Thelathini, vya 1618 hadi 1648, na ndiyo sababu watafutaji wengi hugota katika karne ya 17 wasiweze kwenda mbele.

Serikali ilianza kuandika yenyewe kwa nyakati mbalimbali. Ng'ambo ya kushoto ya mto Rhein ilianza mwaka 1798, Wafaransa walipokuwa wakitawala huko. Prussia ilianza tarehe 1 Oktoba 1874, na tangu 1 Januari 1876 ofisi ya usajili, *Standesamt*, ilikuwapo katika dola yote. Sheria iliyoanza kutumika 2009 inasema kwamba daftari la vizazi hubaki ofisini miaka 110, la ndoa miaka 80, na la vifo miaka 30. Baada ya hapo huhamishiwa katika hifadhi ya nyaraka, na kila mtu huruhusiwa kulisoma. Picha za vitabu vingi vya kanisa zimewekwa kwenye intaneti: vya Waprotestanti katika hazina iitwayo Archion, na vya Wakatoliki katika ile iitwayo Matricula.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mtafutaji ni hii: asianze na jina la mtu, aanze na jina la kijiji. Ajue kijiji, ajue dhehebu, kisha aulize kijiji hicho kilikuwa chini ya nani katika mwaka ule. Babu aliyezaliwa Breslau leo atatafutwa Wrocław, nchini Poland. Mji ni ule ule, ila bendera imebadilika.

Kanuni ya pili ni ya mwandiko. Wajerumani wa zamani waliandika kwa hati iitwayo Kurrent, iliyofundishwa shuleni, katika sura yake hii au ile, hadi 1941. Ndani yake herufi e hufanana mno na n, na u hutambulikana kwa kijitao kilichowekwa juu yake. Wale miongoni mwetu waliowahi kusoma Kiswahili katika hati ya Kiarabu hawatashangaa. Wanajua jinsi nukta moja iliyosahauliwa inavyogeuza neno, na jinsi msomaji anavyolazimika kuijua lugha kabla ya kuzijua herufi. Anayeijua maana ndiye anayeisoma hati. Asiyeijua hutazama tu.

Binti Sultani na kitabu cha watoto wake

Wa kwanza katika watu wetu watatu ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake ni Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Mama yake ni Jilfidan, mjakazi wa Kicherkasi. Alifahamiana na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mwezi Agosti 1866 akaondoka Unguja usiku katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akashukia Aden. Tarehe 30 Mei 1867, katika kanisa la Kiingereza la mji huo, alibatizwa kwa jina la Emily na kuozwa siku iyo hiyo. Wakasafiri kwenda Hamburg. Mume akafa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu ya farasi, naye mjane akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini.

Mwaka 1886 kitabu chake, *Memoiren einer arabischen Prinzessin*, kilichapishwa Berlin. Ni tawasifu ya mapema ajabu kuandikwa na mwanamke wa nasaba ya Kiarabu, tena wa Pwani yetu. Katika dibaji anaeleza kwamba aliianza kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mengi juu ya asili yao ila kwamba mama yao ni Mwarabu wa Zanzibar. Msomaji azingatie jambo hilo. Kabla hakijawa kitabu cha soko, maandishi haya yalikuwa waraka wa nasaba. Mama aliona kwamba hakuna daftari la Hamburg litakalowaambia wanawe habari za jumba la Mtoni, akajitwika mwenyewe ukarani wa ukoo wake.

Sifa za kitabu ni nyingi. Maisha ya ndani ya majumba, vyakula, mavazi, malezi, magonjwa, ugomvi wa ndugu kwa ndugu juu ya kiti cha enzi, yote yameelezwa na mtu aliyeyaishi. Kasoro nazo zipo. Anapousema utumwa, anausema kwa sauti ya waliomiliki watumwa. Anawalaumu Wazungu kwa unafiki wao, na katika hilo mara nyingi ana haki, ila watumwa wenyewe hawapewi nafasi ya kusema. Mwalimu anayefundisha kitabu hiki asiyafunike hayo.

Lakini hoja yangu ni juu ya pengo moja. Kitabu kinasimulia kwamba alikaa Aden miezi kadhaa, akafundishwa dini, akabatizwa, akaolewa. Hakisemi kwamba mwezi Desemba 1866, huko huko Aden, alijifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Heinrich, wala kwamba mtoto huyo alikufa mwaka 1867 katika safari ya Ufaransa, kabla wazazi hawajafika Hamburg. Habari hizo tumezipata kwa watafiti waliosoma nyaraka nyingine, hasa E. van Donzel, aliyezihariri kazi zake na kuzichapisha mwaka 1993.

Yupo mhakiki atakayerukia hapo na kusema: "Tazameni, kitabu kimeficha, nyaraka zimefichua, basi nyaraka ndizo za kweli." Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka. Kitabu kiliandikwa ili kisomwe na wanawe, na na watu wa jamii ya Hamburg ambayo mjane huyo aliishi katikati yake. Kunyamaza kwake kulikuwa sitara. Nyaraka kwa upande wao zinajua kwamba mtoto alizaliwa na akafa, lakini hazijui kwa nini mwanamke alivuka bahari, wala alilia kwa lugha gani mtoto alipofariki. Kila upande una ukimya wake, na kazi ya mhakiki ni kuzisoma kimya mbili pamoja.

Hata majina yanasema. Daftari la Aden lilimpokea Salme likamtoa Emily. Lakini watoto aliowazaa Hamburg waliitwa Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Jina la kwanza ni la nchi ya baba. La pili ni la nchi ya mama. Mwanamke aliyevuliwa jina lake kanisani aliyapachika majina ya kwao katikati ya majina ya wanawe, na mtoto wa kiume akaja baadaye kuliunganisha jina la babu yake na ukoo wa baba, akajiita Said-Ruete. Mtafutaji wa nasaba anayeruka jina la kati kwa kudhani ni pambo, ameiruka Zanzibar nzima.

Kuna na funzo la njia. Ndoa hii haitafutwi katika vitabu vya Hamburg, kwa kuwa haikufungwa huko. Aden ya siku hizo ilitawaliwa na Waingereza kutoka Bombay. Mwenye kuitafuta hana budi kufuata mkondo wa utawala, si mkondo wa ukoo. Salme alifariki mwaka 1924 katika mji wa Jena, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Maisha ya mtu mmoja yametawanyika katika hifadhi za miji mitatu au minne, na hakuna hata mmoja unaomjua mzima.

Mwalimu ambaye ndoa yake haikushuka bandarini

Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Kila mwalimu wa Kiswahili anadaiwa shukrani na mtu huyu. Kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, kilichotoka Göttingen mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Hata hivyo jina lililokaa penye nafasi ya mwenye kitabu ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981 ndipo jina la Mtoro likawekwa mbele, pamoja na kutajwa kwamba walikuwapo Waswahili wengine waliochangia. Miaka 78 ilipita.

Tuhakiki basi jalada kama tunavyohakiki daftari. Jalada nalo ni waraka wa nasaba: linasema kitabu ni mwana wa nani. Kwa muda mrefu kitabu hiki kiliandikwa kwa jina la mlezi, mzazi akatajwa ndani.

Mtoro alifundisha Kiswahili Berlin tangu 1900, katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, binti wa Kijerumani. Ndoa hiyo ilikuwa halali mbele ya msajili wa Berlin. Mwaka 1905 waliabiri meli kuja Afrika Mashariki. Walipofika Dar es Salaam serikali ya koloni haikukubali waingie nchini kama mume na mke, wakalazimika kurudi Ulaya. Mwaka uliofuata ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni.

Hapo ndipo tunapoona mpaka wa nguvu za karatasi. Cheti kile kile kilichokuwa sheria mjini Berlin kilikuwa si kitu bandarini Dar es Salaam, ingawa bendera ilikuwa moja. Mtu aliyewaeleza Wajerumani, kwa Kiswahili safi, jinsi watu wa Mrima wanavyozaa, wanavyowapa watoto majina, wanavyoposa na kuoa, ndoa yake mwenyewe ilikataliwa katika nchi aliyozaliwa.

Ludger Wimmelbücker, aliyeandika wasifu wa Mtoro uliochapishwa 2009, ameweka katika anwani ya kitabu chake kwamba alizaliwa *yapata* 1869 na kufa 1927. Neno hilo "yapata" lina habari nzima. Kuzaliwa kwake Dunda hakukuwa na msajili. Kufa kwake Berlin kulikuwa naye. Tukiona katika vitabu vyetu mzee ambaye kifo chake kina tarehe na kuzaliwa kwake kuna makisio, tusidhani kwamba watu wake hawakuwa na kumbukumbu. Walikuwa nayo, ila haikuwa ya namna ambayo karani angeweza kuinakili.

Mtu aliyeonekana alipodai na aliposhitakiwa

Wa tatu ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kujulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe alitumika katika vita vya 1914 hadi 1918 angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alikataliwa. Akafanya kazi ya kuhudumia hotelini, akaigiza katika filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler alikabidhiwa ukansela. Msomaji wa daftari la ndoa anayeitazama tarehe hiyo bila kuijua historia ataona nambari tu. Mwaka 1941 Husen alikamatwa kwa kosa la kuhusiana na mwanamke ambaye sheria za ubaguzi zilimwita wa damu nyingine. Bila ya kufikishwa mahakamani alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Marianne Bechhaus-Gerst ameandika maisha yake katika kitabu kilichotoka 2007, na mwaka 2013 Eva Knopf akatengeneza filamu juu yake. Ni kazi za kuheshimiwa. Lakini ukizifuata kwa makini utagundua jambo moja: mtu huyu anaonekana katika majalada ya serikali pale anapodai fedha, anapoomba hati ya kusafiria, au anaposhitakiwa. Alipokuwa akicheka na rafiki zake au akimbembeleza mwanawe, hakuna karani aliyekuwapo. Mwandishi wa wasifu wa namna hii hana budi kujihadhari asije akamchora mtu mgomvi na mwombaji, kumbe ugomvi na uombaji ni sura ya jalada. Dirisha likiwa moja, kila apitaye huonekana upande mmoja.

Na hapa lazima tuseme neno zito kuhusu madaftari yenyewe. Baada ya sheria ya Aprili 1933 Mjerumani aliyetaka kazi ya serikali alipaswa kuthibitisha asili ya babu na bibi zake. Uthibitisho huo ulitoka katika vitabu vya kanisa. Mapadri na wachungaji wa nchi nzima walinakili habari za ubatizo usiku na mchana, na nakala hizo zikatenganisha watu wa kuishi na watu wa kuangamizwa. Vitabu hivyo ndivyo ambavyo leo mjukuu huvifungua kwa furaha kumtafuta babu yake. Wino ni ule ule; kilichobadilika ni nia ya asomaye. Kwa sababu hiyo mwalimu anayewafundisha vijana kutafuta nasaba bila kuwafundisha matumizi mabaya ya nasaba, amefundisha nusu ya somo.

Somo lake kwetu Majanji

Mtu anaweza kuuliza: haya ya Hamburg na Berlin yatufaa nini sisi wa kandokando ya ziwa? Kwa mapatano ya mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliligawa Ziwa Viktoria kwa mstari wa nyuzi 1 kusini ya ikweta. Bukoba na Mwanza zikawa upande wa Wajerumani. Majanji ikabaki upande wa Waingereza. Basi vitabu vya Kijerumani hapa havipo.

Lakini safu za vitabu vyetu ni zile zile. Mapadri wa Mill Hill, walioingia Uganda mwaka 1895, walikuwa na wenzao wengi Waholanzi, na baadhi walitoka Tirol, ambako Kijerumani ndiyo lugha ya nyumbani. Walileta kitabu kile kile cha Trento: tarehe, jina la mbatizwa, jina la baba na mama, jina la msimamizi, sahihi ya padri; yote kwa Kilatini. Yohana akawa Ioannes, Yosefu akawa Iosephus. Anayetafuta babu yake wa Usamia katika vitabu hivyo anahitaji ustadi ule ule wa anayemtafuta wa kwake huko Schlesien.

Kanuni ya mipaka nayo inatuhusu kuliko inavyowahusu wengi. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 nchi yote ya magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Utawala ukagawanyika, Kanisa halikufuata mara moja: wamisionari wa Mill Hill waliziangalia pande zote mbili katika vikariati moja ya Upper Nile mpaka mwaka 1925, ilipoundwa prefektura ya Kavirondo. Tororo ilipata mamlaka yake ya kanisa mwaka 1948, na Wilaya ya Busia ya Uganda ikakatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Wasamia wako pande mbili, na koo zao hazikuulizwa mstari upite wapi. Kwa hiyo mtu wa Majanji asipomwona bibi yake katika kitabu cha parokia ya karibu, asikate tamaa wala asiseme bibi hakubatizwa. Aulize: mwaka ule, mji huu ulihudumiwa kutoka wapi? Huenda jibu liko ng'ambo ya mpaka.

Jambo hili si la starehe ya wazee. Nchini Kenya usajili wa lazima wa vizazi na vifo vya Waafrika ulienezwa kwa awamu kati ya 1963 na 1971. Uganda ilitunga sheria mpya ya usajili wa watu mwaka 2015, na tangu hapo kitambulisho cha taifa kimekuwa ufunguo wa milango mingi. Mkaazi wa mpakani akiulizwa babu yake alizaliwa upande gani, mara nyingi hana karatasi ya serikali ya kumjibia. Ana kadi ya ubatizo ya mzee, imekunjwa mara nne katika mfuko wa nailoni. Kadi hiyo huweza kumsaidia, nayo huweza kumponza, iwapo jina lililomo ni "Maria" tu, au iwapo parokia iliyotajwa sasa iko nchi nyingine.

Nini basi kilichopotea "Nabwire" alipoandikwa "Maria"? Kwa Wasamia na jirani zao, Bwire na Nabwire ni watoto waliozaliwa usiku. Wafula na Nafula ni wa mvua. Kwa Wapadhola wa Tororo, Opio na Odongo ni pacha, wa kwanza na wa pili. Pwani nako tuna Juma wa siku ya Ijumaa na Hamisi wa Alhamisi. Majina haya ni rejesta za vizazi. Yanahifadhi saa, majira, siku na mpangilio wa kuzaliwa, mambo ambayo safu za Trento hazikuwa na nafasi yake. Padri alipoandika jina la mtakatifu pekee, aliongeza habari moja akafuta nyingine. Nasema hivi bila ya kumlaumu. Alijaza safu alizokuwa nazo. Lakini mhakiki ndiye anayepaswa kuziona safu zisizokuwapo.

Mambo manne kwa darasa

Napendekeza kwamba walimu wenzangu walifanye daftari kuwa matini ya darasani, kwa hatua hizi nne.

Kwanza, mwanafunzi aulize ni nani aliyeandika, kwa amri ya nani, na kwa lugha ya nani. Daftari la Kilatini lililoandikwa na Mholanzi juu ya Msamia lina sauti tatu, na inafaa kuzitenganisha.

Pili, asome pambizo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 Kanisa Katoliki limetaka ndoa ya mtu iandikwe kando ya habari ya ubatizo wake. Katika kijinafasi hicho chembamba mtoto wa mstari wa katikati anakuwa bibi harusi, na pengine jina la parokia ya mbali linaonyesha alikoolewa. Wengi hunakili mstari wakaacha pambizo, wakakosa nusu ya maisha.

Tatu, alinganishe daftari na simulizi ya nyumbani. Zikitofautiana, asikimbilie kusema bibi amesahau. Salme hakusahau kwamba alimzaa Heinrich. Mwanafunzi atafute sababu ya tofauti kwa adabu, na ajue kwamba yako mambo ambayo mjukuu akiyakuta humpasa kuyasitiri.

Nne, aandike mwenyewe. Wamoravian wa Herrnhut, waliofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, wana desturi ya zamani ambayo kwayo muumini huandika habari za maisha yake, nazo husomwa siku ya maziko yake. Mtu hupewa nafasi ya kuwa karani wake mwenyewe. Si lazima tuwe wa dhehebu hilo ili kuuona uzuri wa desturi hiyo. Insha ya "Maisha Yangu", tunayoitoa kila mwaka kwa kuchoka na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu, ingeweza kuwa waraka wa kuhifadhiwa na ukoo, iwapo tungemtaka kijana aandike jina lake la nyumbani, aliyempa, na sababu ya kupewa.

Mtoro alilifanya jambo hilo kwa jamii nzima ya Mrima. Salme alilifanya kwa watoto watatu. Husen hakupata nafasi. Tunachosoma juu yake ni majalada ya wengine, na kijibamba cha shaba kilichowekwa mwaka 2007 njiani mjini Berlin, mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi. Sisi ambao wanafunzi wetu wangali hai, na kalamu wanazo, hatuna udhuru wa kuwaachia makarani peke yao kazi ya kuwaandika.